Maikrogrini zangu zinaoza siku ya tatu, nifanyeje?

SWALI: Assalamu alaykum Bibi Shamba. Nakaa Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya nne, sina uwanja ila roshani ndogo. Mdogo wangu aliyeko Uingereza kaniletea mbegu za figili na brokoli, na akanitumia video ya kuotesha nyumbani maikrogrini, yaani miche michanga ya mboga inayokatwa na kuliwa siku chache tu baada ya kuota. Nimefuata kila kitu: nimemwaga mbegu nyingi kama walivyofanya wao, nikafunika kwa mfuniko wa plastiki, nikapulizia maji asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili zinaota vizuri, siku ya tatu naona utando mweupe, siku ya nne miche imelala na inanuka. Tatizo ni mbegu? Naweza kutumia mbegu za sokoni Darajani? Mama yangu ana sukari, nimeambiwa hizi zinatibu. Na nikifanikiwa nataka kuziuza mahotelini.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Mbegu zako inaonyesha ni nzima, maana zinaota vizuri siku ya pili. Shida iko kwenye maelekezo uliyoyafuata, yaliyotolewa kwa watu wa nchi ya baridi. Ndani ya nyumba ya Uingereza miezi ya baridi joto ni kama nyuzi 18 hadi 20, na hita imeikausha hewa. Kule mbegu isipofunikwa na kupuliziwa maji mara kwa mara inakauka kabla haijashika mzizi. Kwetu Unguja joto la mchana wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, linafika nyuzi 32 na zaidi, usiku halishuki sana, na hewa ina unyevu mwaka mzima. Ukirundika mbegu, ukazipa maji mara tatu kwa siku, kisha ukazifungia chini ya plastiki, umeipa kuvu kila inachokitaka.

Kwa hiyo badilisha mambo matatu: mbegu ziwe chache, maji kidogo, hewa nyingi. Nitakayoyasema hapa chini mengi yanatoka humo.

Kwanza tuhakikishe huo utando mweupe ni nini, kwa sababu watu wengi hutupa trei nzima isiyo na ugonjwa wowote. Mche wa figili siku ya pili au ya tatu huota vinyweleo vyeupe vingi sana kwenye mzizi, laini mno, na asiyevizoea huona ni ukungu. Washa taa ya simu, uiname uangalie kwa karibu. Vinyweleo vya mzizi viko kwenye mzizi tu, kila mche na vyake, vimezunguka sawasawa pande zote. Vipulizie maji kidogo: vinagandana na mzizi na huvioni tena, kisha maji yakikauka vinasimama upya. Ukungu haufanyi hivyo. Unatambaa kama utando wa buibui kutoka mbegu moja hadi nyingine, unapanda juu ya maganda na mbegu zilizokufa, ukiupulizia maji unabaki pale pale, na ukisogeza pua unapata harufu ya uvundo.

Kwako harufu ipo na miche imelala, kwa hiyo hapo hapana shaka, ni ugonjwa. Sisi mabwana na mabibi shamba tunauita kinyausi, na ndio huo huo unaoangusha miche ya tungule na kabichi kitaluni. Unaletwa na vimelea vya aina ya Pythium na Rhizoctonia, ambavyo hukaa kwenye udongo, kwenye maji machafu na kwenye vyombo visivyooshwa. Ukiung'oa mche mmoja utaona shina limesinyaa pale linapogusana na udongo, limekuwa jembamba na la rangi ya maji ya chai. Mche uliofika hapo haurudi. Tupa yote, osha chombo kwa sabuni na dawa ya klorini, kisha kianike juani mpaka kikauke kabisa ndipo upande tena.

Sasa mbegu. Chukua trei ndogo ya upana wa sentimita 20 na urefu wa 30, au kata kidumu cha mafuta cha lita 5 kwa ubavuni, ukitoboe matundu mengi chini. Kwa trei kama hiyo figili inatosha kijiko kimoja cha chakula. Haradali au brokoli, kijiko kimoja cha chai. Mchicha, kijiko cha chai kisichojaa. Alizeti yenye maganda, kama gramu 50. Ukimaliza kutawanya, mbegu zisipandane, na kati ya mbegu na mbegu uone mahali pa kuweka mbegu nyingine. Utaona kama umepanda chache mno. Ziache hivyo hivyo. Trei yenye msongamano inapendeza siku mbili tu, kisha majani yanafunika mashina, hewa haipiti, na katikati ndipo pa kwanza kuoza.

Alizeti, chooko na njegere ziloweke usiku mmoja, uzichuje ndipo uzipande. Figili, haradali, brokoli na mchicha hazihitaji kulowekwa. Mrihani usiuloweke kabisa: mbegu zake zikigusa maji zinavaa utelezi, zinashikana donge moja na huwezi tena kuzitawanya. Hizo zinyunyizie kavu juu ya kitalu kilichokwisha loa.

Siku mbili za mwanzo zinataka giza na unyevu. Badala ya ule mfuniko wa plastiki, funika kwa kitambaa cha pamba safi kilicholowana na kukamuliwa, au pindua trei nyingine juu yake na uweke kijiti pembeni ibaki nafasi ya hewa. Fungua asubuhi na jioni uangalie. Mara tu miche inapoanza kuinua kitambaa, kiondoe, hata kama video inasema siku nne. Kwa joto letu figili inaweza kufika hapo siku ya pili.

Baada ya kufunua usipulizie tena maji juu ya majani. Weka trei yako yenye matundu ndani ya sinia au trei nyingine isiyo na matundu, mimina maji kama nusu bilauri kwenye ile ya chini, uache dakika 15 hadi 20 yapande yenyewe, kisha mwaga yaliyobaki. Kumwaga ni lazima. Maji yakilala pale mizizi inakosa hewa, na mbu wanapata pa kutagia, jambo ambalo hutaki ndani ya nyumba. Kujua kama trei inataka maji, inyanyue. Ishike ikiwa imetoka kunyweshwa uujue uzito wake, ishike tena kesho yake. Mkono utajifunza haraka kuliko jicho, kwa sababu juu kunaweza kuonekana kukavu na chini kumejaa maji. Wakati wa kaskazi huenda ukanywesha kila siku, na kwenye masika hata siku mbili zinapita bila kuongeza tone.

Hewa unayo, kwa sababu ghorofa ya nne inapata upepo. Roshani yako ni mahali pazuri kwa asubuhi, jua likiwa bado pole. Jua la saa sita za mchana usizipe: trei ndogo inapata moto haraka na miche inanyauka kwa saa moja. Ikiwa huna pa kuzikinga, ziweke ndani karibu na dirisha, na kama chumba kimetulia sana washa feni iwe mbali kidogo, majani yatikisike polepole. Miche ikirefuka, ikawa myeupe na kuinamia upande mmoja, inakosa mwanga. Taa ya kawaida ya LED ya tyubu ndefu, ikining'inizwa sentimita 20 hivi juu ya trei kwa saa 12 hadi 14, inatosha.

Jihadhari na kunguru. Hawa waliletwa hapa miaka ya 1890 wakafanye kazi ya kula taka, na mpaka leo hawaachi kitu kilichowekwa wazi. Kipande cha chandarua cha zamani kinatosha kuwazuia bila kuziba hewa. Sisimizi nao wanabeba mbegu za mchicha moja moja usiku. Meza yenye miguu iliyosimama ndani ya vikopo vya maji inawakomesha, ila hayo maji yabadilishe kila siku kwa sababu ile ile ya mbu.

Hukusema unapandia nini. Kwa hapa kwetu nakushauri vumbi la makumbi ya nazi, lile linalobaki baada ya kutoa nyuzi. Ni jepesi, linashika maji bila kutuama, na lipo tele. Lakini uliza limetoka wapi. Makumbi ya kusukia kamba, kama yale yanayofukiwa ufukweni Paje na Jambiani kwa miezi mingi mpaka yalainike, yamejaa chumvi ya bahari, na mbegu ndogo kama mchicha haitaota humo. Ukiweza pata makumbi makavu ambayo hayakuingia baharini, kwa wanaofua nazi. Hata hayo yaoshe kwa maji matamu mara tatu nne, ukikamua kila mara, kisha yamwagie maji yanayochemka, yaache yapoe, ndipo ujaze trei unene wa sentimita 2 tu. Miche hii inakula akiba iliyo ndani ya mbegu yenyewe, kwa hiyo haihitaji mbolea, na samadi usiitie hata chembe kwa kuwa unakula mbichi. Na maji ya kunyweshea yawe ya kunywa. Visima vingi vya pwani vina chumvi; ukiyaonja yakakukereketa, mche utayakataa pia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni mazuri sana, lakini yachemshe.

Mbegu za Darajani, ndiyo, unaweza, na kwa maoni yangu hizo zina faida kwako kuliko za Uingereza. Kwenye maduka ya viungo utapata haradali, uwatu, giligilani nzima na chooko kwa bei ya chakula, na kwa sababu zimeuzwa ziliwe kwa kawaida hazijatiwa dawa ya shambani. Kasoro yake ni kwamba nyingine ni za zamani au zimepitishwa kwenye moto. Zijaribu kabla ya kupanda: hesabu mbegu 20, zifunge kwenye karatasi laini iliyoloa, ziweke ndani ya kikopo siku nne. Zikiota 16 au zaidi, nunua. Giligilani tu usiihukumu kwa siku nne, inachelewa. Ile punje ya duara ni mbegu mbili zilizoshikana. Ipitishie chupa juu yake taratibu ipasuke vipande viwili bila kusagika, iloweke usiku mmoja, uipe mpaka siku kumi. Kotmiri yake utaikata baada ya wiki tatu hivi, na harufu yake kwenye supu huwezi kuilinganisha na ile ya kununua.

Kwenye maduka ya pembejeo angalia rangi. Mbegu iliyopakwa waridi, kijani au buluu imetiwa dawa ya kuua kuvu na wadudu. Hiyo ni ya kupanda shambani ikae miezi ndipo ivunwe. Wewe unakula mche wa wiki moja, dawa bado ingalipo, na kuosha hakuitoi. Soma pakiti, na usiposhiba maelezo iache.

Kuna mbegu ambazo hata zikiota vizuri miche yake hailiwi. Tungule, biringani, pilipili na jamaa zao wote: majani yao machanga yanaweza kuwa na sumu yakiliwa mabichi. Maharagwe, khasa mekundu, yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa sana tu. Mtama mchanga na fiwi hutoa sianidi. Sitaki ujaribu hata kidogo kwenye hizo, na ukiwa na watoto wanaopenda kuotesha vitu waambie mapema.

Brokoli uliyoletewa ihifadhi mahali pakavu penye ubaridi mpaka kipupwe, Juni hadi Agosti, maana joto kubwa linaidhoofisha. Saladi nayo ni hivyo hivyo, joto likipita nyuzi 28 au 30 mbegu zake nyingi hukataa kuota. Figili na haradali zinastahimili. Mchicha ndio mwenyeji kabisa: unapenda joto, unaota upesi, na ule mwekundu unatoa miche ya rangi ya kuvutia sana kwenye sahani. Unachotaka ni maji machache tu.

Kata asubuhi, miche ikiwa mikavu, kwa mkasi mkali uliooshwa, juu kidogo ya kitalu. Figili huwa tayari siku ya sita hadi ya nane, haradali siku saba hadi kumi, mchicha kama siku kumi hadi kumi na nne. Usioshe kabla ya kuhifadhi. Weka kwenye chombo chenye karatasi kavu chini, ndani ya friji, na uoshe kile unachokwenda kula. Zitupie juu ya kachumbari, juu ya mayai, juu ya samaki wa kuchoma akishatoka motoni, hata juu ya bakuli la urojo. Usizipike, zinanywea zikawa si chochote.

Hapo nikutenganishie vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Chooko au uwatu ulioloweshwa kwenye chupa na kuliwa pamoja na mzizi na mbegu yake ni chakula kingine, na kina hatari zaidi, kwa sababu vile vile vinavyoamsha mbegu, joto na maji, huzidisha bakteria waliojificha kwenye ganda. Mwaka 2011 Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa na maelfu wakaugua kwa bakteria aina ya E. coli, na uchunguzi ukaishia kwenye uwatu ulioteshwa namna hiyo. Maikrogrini unaiotesha kwenye mwanga na hewa, unakata shina juu ya kitalu, mbegu na mzizi unaviacha chini. Hatari inapungua sana, ila haiishi, kwa hiyo mikono, mkasi na maji viwe safi kila mara. Mjamzito, mtoto mchanga na mtu aliyedhoofika kwa maradhi wazipate zikiwa zimepitishwa kwenye moto, hata kama zitanywea.

Kuhusu mama, nakuomba unisikilize vizuri. Maikrogrini ni mboga nzuri. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na wa idara ya kilimo ya Marekani walipima aina 25, wakaona nyingi zina vitamini kwa wingi kuliko majani yaliyokomaa ya mmea huo huo. Miche ya kotmiri iliongoza kwa karotenoidi, mchicha mwekundu kwa vitamini K, figili kwa vitamini E. Hizo ni habari njema kwa nyumba yoyote. Lakini vipimo hivyo ni kwa uzito sawa, na sisi tunakula konzi moja juu ya wali. Sukari haitibiwi kwa konzi ya miche. Mama aendelee na dawa zake na miadi yake ya hospitali bila kupunguza kitu, na mboga hizi azile kama mboga, vizuri zaidi zikichukua nafasi ya sehemu ya wali kwenye sahani. Uwatu ukitaka kumpa kwa wingi, mwambie daktari wake kwanza, kwa sababu unaweza kushusha sukari juu ya dawa anayotumia. Na akiwa anatumia warfarin ya kuzuia damu isigande, kuongeza ghafla mboga zenye vitamini K nyingi kunaivuruga dawa hiyo, kwa hiyo hapo pia daktari ajue.

Mahoteli yapo, Mji Mkongwe na kule Nungwi na Paje, na wapishi wake wanazijua hizi mboga. Shida yao kwa kawaida ni kwamba mtu analeta vizuri wiki moja, wiki ya pili hayupo. Kabla hujabisha hodi kwa mpishi yeyote, panda trei mbili kila siku tatu kwa mwezi mzima, mle wenyewe na majirani, uone kama kila mara unavuna siku uliyoipanga. Kisha pita Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, uulize utaratibu wa anayeuza chakula kibichi kutoka nyumbani. Nakushauri upeleke trei nzima miche ikiwa hai, mpishi akate mwenyewe jikoni kwake. Unaokoa friji, barafu na lawama za majani yaliyolala njiani. Kumbuka pia kwamba Aprili na Mei wageni ni wachache na ndiyo masika yenyewe, kinyausi kiko kila mahali, kwa hiyo miezi hiyo punguza trei. Mpishi akikuuliza una aina gani, mtajie figili, haradali na mchicha. Kotmiri usimwahidi mpaka trei zake ziwe zinakutokea sawa kila mara, kwani inakwenda wiki tatu, na ikiharibika siku ya kumi huna muda wa kupanda nyingine kabla hajakupigia simu.